Nimebakiza miezi mitano niolewe, na mchumba wangu hajui ninameza nini

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, ni mhasibu, na mahesabu yangu hayarudishwi. Nimevishwa pete, harusi imebaki miezi mitano. Nakuandikia kwa sababu watu wawili ninaowategemea, mama na mama mdogo, wote wameniambia ninyamaze, kila mmoja kwa sababu yake, na mimi nimechoka kunyamaza lakini kusema pia naogopa.

Miaka minne iliyopita niliugua. Ilianza kama furaha. Nalala muda wa saa mbili, naamka na nguvu kuliko mtu aliyelala usiku kucha. Nilikuwa natuma ujumbe kwa watu saa tisa usiku, wengine hata hatujawahi kuzungumza. Naongea mpaka koo linakauka na bado maneno yananipita mbio. Siku ya sita nilitoa akiba yangu yote benki nikanunua viti vya plastiki 120, kwa biashara ya kukodisha viti ambayo mpaka asubuhi ile sikuwa nimewahi kuiwaza. Siku ya tisa nikaanza kusikia redioni wananitaja jina. Nyumbani walinipeleka kwanza kwenye maombi, tukakaa huko wiki mbili, hali ikazidi. Mwisho nililazwa wodi ya magonjwa ya akili kwa wiki tano. Daktari akasema ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Nilipotoka nikaangukia upande wa pili: miezi mitatu ya kulala na kulia, hata kuoga ilikuwa safari.

Tangu hapo natumia sodiamu valproeti, dawa ya kutuliza hisia, miligramu 500 asubuhi na 500 usiku. Sijaugua tena. Kazini na mtaani waliambiwa malaria ilinipanda kichwani. Wakaja na matunda, wakanipa pole. Viti bado viko stoo, mama amevifunika turubai.

Mchumba wangu ni mtu mpole na msikivu, sina la kumlaumu. Ila kijana wa jirani yao alipougua, nilimsikia akisema: "Hao hata wakitulia, haujapoa huo, umelala tu. Na ukishaingia kwenye ukoo hautoki." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Tangu siku hiyo nilitoa vidonge vyangu kwenye vikaratasi vyake nikavimimina kwenye chupa ya vitamini. Siku hizi vimeanza kunata na kushikana. Akija kunitembelea jioni huwa sinywi dozi ya usiku mpaka aondoke, na mara nyingine usingizi unanipitia nasahau.

Mama anasema nikifungua mdomo sitaolewa mimi wala wadogo zangu wawili wa kike. Mama mdogo anasema ningoje niolewe, nizae kwanza, hapo hawezi kuniacha. Mimi nina wazo la tatu: niache dawa. Miaka minne ni mingi, nafikiri nimepona. Hizi zikiisha sichukui nyingine, na nikishaacha hakutakuwa na cha kuficha. Tena tumekubaliana tupate mtoto mapema, sitaki aje aniulize hivi vidonge ni vya nini.

Shangazi, nimwambie? Kunyamaza kwangu ni kumdanganya? Na mtoto wangu je, atazaliwa na huo ugonjwa? Kuna usiku najiona kama chizi aliyevalishwa nguo nzuri.

Tafadhali usiweke jina langu.

Mwenye Chupa

*

Marahaba mwanangu.

Umeniuliza kuhusu mchumba, lakini barua yako ina mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: dawa, mchumba, na namna unavyojiona mwenyewe saa za usiku. La mchumba lina miezi mitano. La dawa halina hata wiki mbili, kwa hiyo niruhusu nianze nalo, na hapo tu ndipo nitakuwa mkali kidogo.

Usiache dawa kwa kungoja ziishe. Mtu mwenye paa lisilovuja anaweza kusema mvua zimekwisha. Huenda ni kweli, huenda ni paa. Miaka yako minne ya utulivu haituambii ni kipi kati ya hivyo viwili. Tunachojua ni kwamba dawa za kutuliza hisia zikikatwa ghafla, hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa kuliko zikipunguzwa taratibu. Hata daktari akiamua kumwachisha mtu, hupunguza kidogo kidogo kwa wiki nne angalau, mara nyingi kwa miezi, huku akimwangalia. Na wewe unataka kufanya jaribio hilo peke yako, kwa siri, katika miezi ambayo utakuwa na vikao, safari, wageni na usiku wa kutolala. Kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayojulikana sana kwa kuamsha hali ya kupanda kwa mtu mwenye baipola. Ukiugua wiki ya harusi, siri itajitangaza yenyewe, tena kwa namna ambayo hukuichagua.

Sasa kuna jambo hukuliuliza, na ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Unatumia valproeti na unataka mtoto mapema. Je, yupo aliyekaa nawe akakueleza maana yake? Valproeti ni dawa nzuri kwa baipola lakini ni miongoni mwa zile zinazoogopwa zaidi katika ujauzito. Kati ya watoto 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia, takriban mmoja huzaliwa na kasoro ya mwili, kama uti wa mgongo usiofunga, moyo au mdomo wenye hitilafu. Na kati ya 10, watatu hadi wanne hupata shida za ukuaji na kujifunza. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu siku ya 28 baada ya mimba kutunga, siku ambazo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Ndiyo maana haifai kusema nitabadilisha nikishajua.

Hiyo si sababu ya kuitupa leo. Ni sababu ya kumwona daktari wako wiki hii na kumwambia sentensi moja: "Nataka kupata mtoto ndani ya mwaka, na natumia valproeti." Zipo dawa nyingine, kama lamotrijini, kwetiapini, olanzapini au lithiamu, kila moja na faida na mashaka yake. Atachagua kwa kuangalia ugonjwa wako ulivyo: kwako ulianza kwa kupanda sana, na lamotrijini, kwa mfano, inasaidia zaidi upande wa kushuka kuliko wa kupanda. Kubadilisha nako kunataka muda. Lamotrijini hupandishwa polepole kwa wiki kadhaa kwa sababu ikikimbizwa inaweza kuleta vipele vya hatari, na kwa aliye bado kwenye valproeti huanzwa chini zaidi, kwa sababu valproeti huizuia isitoke mwilini haraka. Miezi mitano inatosha kama unaanza sasa. Ikibaki miwili itakuwa mbio.

Mpaka hapo tumia njia ya kuzuia mimba unayoiamini. Muulize pia daktari kuhusu asidi ya foliki. Wanawake wa hali yako mara nyingi huandikiwa miligramu 5 kwa siku, nyingi kuliko mikrogramu 400 za kawaida. Lakini usidanganywe kwamba foliki inafuta madhara ya valproeti. Na kama siku zako zimechelewa unaposoma hapa, usikate dawa mwenyewe; pima, na umwone daktari haraka, siku hiyohiyo ukiweza.

Unaona sasa chupa ile ilivyokufanyia? Uliifanya ili kujikinga na maneno ya mtu mmoja, nayo ikakutenga na mazungumzo ambayo mwanamke anayepanga mtoto anayahitaji kuliko mtu yeyote.

Twende kwa mchumba. Maneno yake yamekuingia kama hukumu, na mimi sikulaumu, lakini tuyatandike tuyaone. Amesema mambo matatu: haupoi, umelala tu, na hautoki kwenye ukoo. La kwanza na la pili yana punje ya ukweli ndani yake. Baipola ni ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari na presha, na ndiyo maana unatibiwa hata mtu akiwa mzima. Ila mtu wa presha anayemeza vidonge vyake hatuambiwi kwamba ugonjwa wake "umelala tu" kwa sauti ile ya kunyemelewa. Tunasema anajitunza. Ugonjwa ni wa muda mrefu kote kuwili. Sauti ndiyo imebadilika.

La ukoo ndilo linalokuuma kwa ajili ya mtoto, kwa hiyo chukua hesabu, wewe ni mhasibu. Katika watu kwa jumla, mmoja hadi wawili kati ya 100 hupata baipola wakati fulani maishani. Kwa mtoto mwenye mzazi mmoja mwenye baipola, ni watano hadi 10 kati ya 100. Imepanda mara kadhaa, na hilo hatulifichi. Lakini isome pia kwa upande wa pili: kati ya watoto 100 wa wazazi kama wewe, 90 na zaidi hawaupati. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua, na juu yake huongezeka mengine: usingizi, vilevi, misukosuko ya maisha. Watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na baipola mwaka 2019, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Hao wote wana koo.

Nitoke nje ya njia kidogo. Neno letu lenyewe, wazimu, linatoka shina moja na mzimu na kuzimu. Kabla hujafungua mdomo kueleza, neno limeshatoa maelezo: huyu ameingiwa. Na ndani ya gunia hilo moja tumetia sonona, skizofrenia, baipola, kifafa ambacho kwanza ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, homa kali ya ubongo, hata mtu aliyelewa. Chizi, mwehu, kichaa, kadata, karukwa: maneno ya kumchekea mgonjwa tunayo tele, ya kumuuguza ni machache. Waliokuja na matunda waliposikia malaria walikuwa watu walewale ambao wangesikia baipola wangekuja na nini? Huenda wachache wangekuja vilevile. Hatujui, kwa sababu hawakupewa nafasi. Mchumba wako naye amelelewa ndani ya lugha hiyohiyo, na alikuwa akimsema kijana wa jirani, mtu wa nje ya ua. Yanayojulikana kuhusu kupunguza unyanyapaa ni kwamba mihadhara na mabango hubadilisha kidogo. Kinachobadilisha zaidi ni mtu kumfahamu kwa karibu mwenye ugonjwa huo, wakiwa sawa kwa sawa. Yeye tayari anamfahamu mmoja kwa karibu, anataka kumwoa, ila hajaambiwa. Je, atabadilika akijua? Siwezi kukuahidi. Wapo wanaobadilika, wapo wanaofunga mlango. Ninachokuomba ni usichukue sentensi moja aliyoisema juu ya jirani ukaifanya jibu la swali ambalo hujamuuliza.

Mama yako nisimdharau. Hofu yake ina miguu: familia hukimbiwa, mabinti hukataliwa, yeye si wa kwanza kuliona hilo. Na yale maombi hayakuwa adui wa dawa. Tatizo lilikuwa wiki mbili ambazo ulikuwa unahitaji vyote viwili ukapewa kimoja. Lakini mwulize mama jambo hili kwa upole: siri hii iko kwa watu wangapi? Hesabu mliokuwa nao kwenye maombi, waliokuona wodini, uliowatumia ujumbe saa tisa usiku, aliyekuuzia viti 120. Siri ya watu hao wote si siri tena, ni foleni. Pengine swali la kweli ni mchumba atajua kwa mdomo wa nani.

Umeuliza kama kunyamaza ni kumdanganya. Mimi naona tofauti kati ya kutosema na kuficha, ingawa mpaka wake si mstari wa rula. Mtu mliyekutana juzi huna deni la kumweleza historia yako ya wodini. Hiyo ni habari ya mwili wako, na hata daktari hana ruhusa ya kuitoa bila wewe. Dawa iliyo kwenye droo yako ni faragha. Dawa iliyo kwenye chupa yenye jina la dawa nyingine ni kitu tofauti kidogo, au wewe unaonaje? Na kadiri mnavyokaribia kulala nyumba moja na kuzaa, mambo mengine yanaanza kumgusa yeye pia. Wapi hasa mpaka huo unavukwa, nakuachia wewe.

Njia ulizo nazo ni zaidi ya mbili. Ya mama, kutosema kamwe, inakulinda dhidi ya kukataliwa leo. Gharama yake ni ya kila siku: dozi zinazorukwa jioni, kliniki unazokwenda kwa visingizio, na mtu anayelala pembeni yako asiyejua aangalie nini. Ya mama mdogo, kungoja mtoto, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na hapa sisemi maadili, nasema tarehe. Kwa wanawake wenye baipola ya aina yako, iliyowahi kupanda mpaka kulazwa, takriban mmoja kati ya watano huugua vibaya sana baada ya kujifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza: halali hata mtoto akilala, anaongea mbio, anaamini mambo yasiyokuwepo. Ni hali ya dharura, na inatibika. Mara nyingi anayeiona mwanzo ni mume. Asiyejua atasema amechoka, kisha atasema amerogwa, na siku tatu zinapotea. Isitoshe, mtu anayeweza kubaki kwa sababu ya mtoto anaweza pia kubaki na kinyongo. Na katika nchi kadhaa sheria za ndoa huutazama ugonjwa wa akili uliofichwa kabla ya ndoa kama hoja mahakamani. Ukiamua njia hiyo, zungumza na mwanasheria mapema.

Kusema kabla ya harusi kuna hatari mbili. Anaweza kuondoka. Na anaweza kuondoka na habari, akampa mama yake, naye akawapa wengine. Hatari hii ya pili ndiyo watu husahau kuipangia. Ipo pia njia ya kati: kumwambia kuwa uliugua na unatibiwa, bila redio wala viti, kisha kuongeza kadiri anavyouliza. Na ipo ya kusogeza harusi mbele miezi michache mpaka dawa mpya ikae sawa, kwa sababu ya kiafya ambayo si lazima kila mtu aijue. Watu huiogopa kwa sababu ya kadi zilizochapwa.

Ukielekea upande wa kusema, na sikusukumi huko, namna ina uzito karibu sawa na maneno. Usiseme kwa ujumbe wa simu. Usiseme usiku, wala baada ya ugomvi, wala katika wiki ambazo dawa inabadilishwa na wewe mwenyewe hujatulia. Chagua mchana, mahali mnapoweza kutembea au kukaa bila mtu wa tatu, siku ambayo hakuna mwenye haraka. Usianze na "samahani", kwa sababu ukianza kama mkosaji atakusikiliza kama hakimu. Kitu cha kiasi hiki kinatosha: "Kabla sijakuambia, naomba yabaki kwetu wawili mpaka tukubaliane nani mwingine ajue. Miaka minne iliyopita niliugua ugonjwa unaoitwa baipola, nikalazwa wiki tano. Natumia dawa kila siku na sijaugua tena. Nakuambia kwa sababu nataka uniulize mimi, usiulize watu." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu: kimya kinawatisha, wanaanza kujieleza, wanafika kwenye viti 120 kabla mwenzao hajameza neno la kwanza. Viti vina siku yake, na mkifika huko salama huenda mtavicheka.

Akikaa kimya siku mbili tatu, usikisome kimya hicho kama jibu. Mwulize kama angependa kuja nawe kliniki siku moja, akamuulize daktari mbele yako yale anayoogopa kukuuliza wewe. Hofu ya "je, atanidhuru" wengi huiweka moyoni, ilhali watu wenye magonjwa ya akili hudhuriwa na wengine mara nyingi zaidi kuliko wanavyodhuru. Na wewe una haki ya kumuuliza ya kwao. Sonona, pombe, mjomba aliyejifungia ndani miaka: ukoo usio na lolote ni ukoo usiosimuliwa.

Panga pia usiku wa siku hiyo. Awepo mtu mmoja anayejua, dozi imemezwa kwa wakati, na usingizi, hata jibu likiwa zuri.

Lipo jambo moja nataka nikuulize waziwazi. Huo usiku unapojiona chizi aliyevalishwa nguo nzuri, huwa unafikiria kufa, au kujiumiza? Kuuliza hakumtii mtu wazo; mara nyingi humpunguzia mzigo. Kama jibu ni ndiyo, usingoje miadi ya kliniki. Mwambie mtu aliye karibu leo, na nenda hospitali, kitengo cha dharura, usiende peke yako. Kama jibu ni hapana, basi hayo ni maneno ya mtaani yaliyohamia ndani yako, nayo yanafaa kuzungumzwa na mnasihi, sio kubishana nayo peke yako saa nane za usiku. Mtu anayefunga mahesabu ya mwezi bila kurudishwa, anayejua dozi yake kwa miligramu, anayewaza mtoto ambaye hajatungwa: mimi nikisoma barua yako simwoni huyo chizi unayemtaja.

Kwa wiki ya harusi yenyewe, awe anajua au hajui, andika karatasi moja ukiwa mzima. Dalili zako za mwanzo unazijua: usingizi mfupi bila uchovu, ujumbe wa usiku, mawazo ya biashara. Weka kipimo, kwa mfano usiku mbili mfululizo chini ya saa tano za usingizi bila kuchoka, na uandike nani anampigia daktari, na nani anashika kadi yako ya benki mpaka daktari aseme. Mpe nakala mtu mmoja. Muulize daktari pia kama anaweza kukuandikia kitu cha usingizi cha siku chache, cha kukaa nacho tu. Vikao vya maandalizi viishe mapema. Mwambie anayeviongoza kwamba bibi harusi anakwenda kulala saa nne usiku, basi.

Nimebakiza chupa. Vidonge vya sodiamu valproeti hufyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana hufungwa kimoja kimoja kwenye vikaratasi vinavyong'aa na huambiwa usikitoe mpaka dakika ya kukimeza, tena umeze kizima bila kukiponda. Kunata huko unakokuona ni unyevu, na kidonge kilichoharibika hakina uhakika wa kutoa dozi yake. Inawezekana kwa wiki kadhaa umekuwa ukimeza pungufu, ukijumlisha na zile za usiku unazoruka. Mwambie daktari hilo pia, asije akadhani dawa imeshindwa. Weka kengele ya simu ya saa moja jioni, isiyo na jina, na umeze kwa wakati hata kama kuna mgeni sebuleni. Glasi ya maji haimshangazi mtu. Hivyo vilivyonata usivimalizie na usivitupe chooni. Vipeleke kwa mfamasia kesho asubuhi, uchukue vipya, na safari hii vibaki kwenye vikaratasi vyake, ndani ya droo unayoifunga.

Niandikie ukishamwona daktari.

Shangazi